Daftari la Mahudhurio la Kidato cha Nne B

Shule kongwe zina watu wa kuzisimulia. Ikitajwa Pugu, mtu atakukumbusha kwamba Julius Nyerere alifundisha pale, enzi ikiitwa St. Francis, mpaka alipoacha ualimu mwaka 1955 akaitumikia TANU. Ikitajwa Tabora, utasomewa orodha ya mawaziri na majaji mpaka chai ipoe. Hata hapa kwetu Temeke, Kibasila imebeba jina la kiongozi wa Wazaramo wa zama za Vita vya Maji Maji, na ukisema umesoma pale hakuna atakayekuuliza iko wapi. Sisi tulioanza kidato cha kwanza Januari 2007 katika shule ya kata huku Mbagala, tukamaliza mwaka 2010, hatujatoa rais wala waziri. Katika habari za nchi tumo mahali pamoja tu: sisi ndio wa ule mwaka ambao takriban nusu ya watahiniwa wa kidato cha nne walipata sifuri.

Mimi nilikuwa monita wa mkondo wa B. Kila asubuhi nilichukua daftari la mahudhurio ofisini, nikaita majina, nikaweka vema kwa aliyekuwepo na mkasi kwa asiyekuwepo, kisha nikalirudisha kabla mwalimu wa zamu hajaanza kuuliza. Ndiyo maana majina ya darasa lile ninayo kichwani hadi leo, wavulana kwanza, wasichana baadaye, kila kundi kwa alfabeti. Hapa siyataji. Wengine sasa ni waume za watu, wengine wana madeni ya vikoba, na hakuna aliyeniomba nimwandike gazetini.

Ili mtu aelewe darasa lile lilikuwa nini, itabidi nianze na mama yangu. Mama alimaliza darasa la saba mwaka 1984, Mtoni. Alifaulu, ila hakuchaguliwa, na watu wa rika lake wanajua kwamba hayo yalikuwa mambo mawili tofauti kabisa. Baada ya Azimio la Musoma la mwaka 1974 serikali ilielekeza nguvu zake kwenye elimu ya msingi kwa wote, na ikafanikiwa kweli: madarasa ya msingi yakajaa nchi nzima. Lakini sekondari zilibaki chache kwa makusudi, kwa kufuata hesabu ya wataalamu ambao taifa liliwahitaji. Kati ya watoto mia waliomaliza darasa la saba miaka ile, hata watano hawakupata nafasi katika sekondari za serikali. Shule ya mama ilipeleka mvulana mmoja. Waliobaki walirudi nyumbani na vyeti vyao. Wasichana wakafundwa, wakaposwa, na mama akiwa na miaka kumi na saba alikuwa ameshanizalia kaka. Cheti chake bado kipo kabatini, ndani ya bahasha ya mikopo ya kanga.

Mbagala ya mama ilikuwa mikorosho, mikoko upande wa bahari, na minazi ya Wazaramo na Wandengereko waliokuwepo tangu kale. Watu walizidi kumiminika kutoka Rufiji, Kilwa, Lindi na Mtwara kwa barabara ya Kilwa, na Daraja la Mkapa lilipofunguliwa mwaka 2003 pale mto Rufiji, ule mkondo ukawa mafuriko. Stendi ya Rangi Tatu ikageuka lango la kusini. Temeke nzima ilikuwa na watu wasiofika 800,000 katika sensa ya 2002. Sensa ya 2012 ilikuta zaidi ya milioni 1.3. Watoto wa watu wote hao wangesoma wapi?

Jibu lilikuja kwa amri. Mpango wa Maendeleo ya Elimu ya Sekondari, MMES kwa kifupi, ulianza mwaka 2004, na baada ya uchaguzi wa 2005 Waziri Mkuu Edward Lowassa akaushikia bango: kila kata iwe na sekondari yake, na mtoto aliyefaulu asibaki nyumbani. Mwaka 2000 Tanzania ilikuwa na sekondari 927. Mwaka tuliomaliza sisi zilikuwa 4,266. Sijui nchi nyingi ambazo zimewahi kuongeza shule kwa kasi hiyo bila vita wala mafuta.

Vijijini wananchi walichangia nguvu: wakasomba mawe, mchanga na maji. Mbagala mawe hakuna, na kila mtu asubuhi yuko kwenye daladala anawahi kibarua. Hapa mchango ulikuwa pesa. Mjumbe alipita na daftari nyumba kwa nyumba, na wapangaji nao wakadaiwa, jambo lililozua maneno mengi uani kwetu, maana mpangaji alijiuliza kwa nini ajenge shule katika mtaa ambao mwenye nyumba anaweza kumfukuza mwezi ujao. Wengine walitoa, wengine wakajifungia ndani taa zikizimwa. Eneo nalo lilikuwa shida. Viwanja vyote vilishauzwa, kwa hiyo shule ikatupwa mwisho kabisa wa mtaa, palipobaki mikorosho michache na bonde ambalo masika hujaa maji.

Tuliporipoti Januari ile, na majembe yetu, mifagio ya chelewa na rimu za karatasi kama fomu ilivyoagiza, shule haikuwepo. Yalikuwepo madarasa mawili yenye kuta bila madirisha. Muhula wa kwanza tulisomea katika shule ya msingi ya jirani, mchana, wenyewe wakishatoka, tukiwa tumekunja magoti kwenye madawati ya darasa la pili. Ada ilikuwa shilingi 20,000 kwa mwaka, na juu yake michango isiyoisha: ya mlinzi, ya dawati, ya mtihani, ya chaki wakati mwingine. Watu wa mjini walizipachika shule zetu jina la yeboyebo, zile ndala za plastiki za bei poa. Tuliopanda daladala na wanafunzi wa shule za mjini tulilisikia mara nyingi kuliko majina yetu.

Walimu walikuwa wachache kuliko mikondo. Serikali ilichukua vijana waliomaliza kidato cha sita, ikawapa mafunzo ya wiki chache na leseni, ikawatuma madarasani. Hao nao wakabatizwa voda fasta, kwa jina la huduma ya kujaza salio la simu chapuchapu. Wetu alikuwa kijana mrefu wa Kihaya, shati moja la mistari, akifundisha jiografia, historia na, pale mkuu wa shule alipozidiwa, hesabu. Tulimwita Bro. Nimekutana na maprofesa baadaye, kwenye semina za walimu, na bado sijaona mtu anayechora ramani ya mito ya Afrika ubaoni kwa mkono mmoja huku akiuliza maswali kwa mwingine. Katikati ya kidato cha pili akapata mkopo, akaenda Chuo Kikuu cha Dodoma, kilichokuwa kimefunguliwa mwaka 2007. Tulimchangia nauli. Historia tukabaki tunasomeshana wenyewe.

Fizikia haikuwa na mwalimu kwa muda mrefu. Yupo mwenzetu, mtoto wa fundi redio wa Kizuiani, ambaye alikwenda kuazima madesa kwa binamu yake aliyesoma Jitegemee, akayanakili usiku kwa koroboi, kesho yake akatuandikia ubaoni. Alipofika mahali asipopaelewa aliandika vilevile alivyoona, na sisi tukanakili vilevile. Maabara haikuwepo, hivyo mtihani wa taifa tulifanya ule wa mbadala wa vitendo: unaulizwa kwa karatasi ungeona nini kama ungechanganya kitu fulani na kingine. Bureti niliijua kwa kuichora. Nimeshika bureti halisi kwa mara ya kwanza nikiwa mtu mzima, kwenye maonyesho ya Sabasaba, banda la chuo kimoja, nikampisha mtoto wa watu aliyekuwa nyuma yangu kwa sababu nilikuwa nimeing'ang'ania.

Kiswahili ndiko tulikopumua. Tulisoma Takadini, Joka la Mdimu, Ngoswe, na mashairi ya Wasakatonge. Lakini kitabu kilichotushika ni Watoto wa Mama N'tilie cha Emmanuel Mbogo, kwa sababu watoto wale wanaorudishwa nyumbani kwa kukosa ada walikuwa wamekaa nasi darasani. Binti mmoja wa dawati la tatu mama yake alikuwa ntilie kweli, pale stendi ya Rangi Tatu. Kitabu kilipofika zamu ya kusomwa kwa sauti, alikataa kusoma. Mwalimu hakumlazimisha, na hilo namshukuru mpaka leo. Kwa masomo mengine tulitegemea vitabu vya Nyambari Nyangwine, vilivyouzwa mitaani kama njugu. Mwaka uleule tuliofanya mtihani, mwandishi wetu huyo alichaguliwa kuwa mbunge wa Tarime, na wavulana wakasema basi angalau mmoja wetu kafaulu.

Nisipoeleza habari ya usafiri nitakuwa nimedanganya, maana nusu ya shule yetu ilikuwa barabarani. Wengi walitoka mbali, Kongowe, Chamazi, Toangoma, na hata Tandika kwa waliopangiwa huku. Nauli ya mwanafunzi ilikuwa kipande tu cha nauli ya mtu mzima, kwa hiyo konda alituona hasara inayotembea. "Denti wawili tu!" alipiga kelele, mkono umeziba mlango. Mbagala watu wazima wenyewe walipandia dirishani, na anayejua Mbagala anajua sisemi kwa kutia chumvi. Wasichana tuliovaa sketi tulikuwa na mbinu zetu: kupanda gari linaloshuka na kugeuza nalo, au kusubiri la dereva fulani wa Kizuiani aliyekuwa na binti wa umri wetu. Barabara ya Kilwa nayo ilikuwa inapanuliwa kwa msaada wa Japani, vumbi jekundu, foleni, mashine. Tulifika tumechelewa, tukachapwa, tukaingia darasani. Katika daftari langu aliyefika saa mbili na nusu nilimwekea vema. Mwalimu wa nidhamu hakuwahi kugundua, au aligundua akanyamaza.

Tarehe 29 Aprili 2009, siku ya Jumatano, kabla ya saa sita mchana, mabomu yalilipuka katika ghala la kambi ya jeshi Mbagala. Watu zaidi ya ishirini walikufa, mamia wakajeruhiwa, nyumba maelfu zikabomoka au kupasuka. Sisi tulikuwa kidato cha tatu, kipindi cha uraia. Mlipuko wa kwanza tulidhani ni wakandarasi wa barabara. Wa pili uliinua bati la darasa la jirani. Kilichofuata hakikuwa na utaratibu wowote: tulipita madirishani, ambayo kwa bahati njema bado hayakuwa na nondo. Wengine walikimbilia Mtoni, wengine wakashika njia ya Kongowe wakaenda mpaka Vikindu kwa miguu. Mama mmoja tulimkuta barabarani amebeba mto mgongoni kwa kanga, akijua amembeba mwanawe. Mtoto alipatikana salama jioni, kwa jirani. Nami nilipofika kwa shangazi Tandika ndipo niliposhtuka kwamba nimelikumbatia daftari la mahudhurio njia nzima, huku viatu sina.

Shule ilipofunguliwa niliita majina kama kawaida. Hakuna aliyekufa katika B. Lakini wapo ambao hawakuitika: nyumba imeanguka, baba amehamishia familia Kilwa, mama amempeleka kwa bibi Kisarawe. Baadhi walirudi baada ya wiki, wengine mpaka leo. Utaratibu ulikuwa kwamba mwanafunzi akikosekana siku 90 mfululizo ni mtoro, jina lake linakatwa kwa wino mwekundu. Walikatwa. Hakukuwa na safu ya kuandika sababu.

Wino mwekundu ulipita zaidi upande wa wasichana. Enzi zetu tulipimwa mimba shuleni, na aliyekutwa nayo hakuwa na mjadala, aliondoka siku ileile na hakurudi. Kijana aliyempa mimba, akiwa konda au mwenye duka, aliendelea na kazi yake. Akiwa mwanafunzi wa shule nyingine, wazazi walimalizana nyumbani. Mwanafunzi wetu bora wa Kiswahili aliondoka hivyo, kidato cha tatu. Insha zake mwalimu alikuwa akizisoma mbele ya mikondo yote miwili. Tarehe 24 Novemba 2021, Waziri wa Elimu Joyce Ndalichako alitangaza kwamba wasichana waliokatishwa masomo kwa mimba waruhusiwe kurudi. Nilimpigia simu kumwambia. Alicheka sana, akaniambia mwanawe mwenyewe yuko darasa la sita na anamsumbua na insha.

Mwaka wa mwisho, 2010, naukumbuka kama mwaka wenye mambo mengi kuliko siku zake. Wavulana waligawanyika kama kundi la muziki la TMK lenyewe lilivyogawanyika: wa Juma Nature na Wanaume Halisi huku, wa Temba na Chegge kule, na ubishi wa nani zaidi ulichukua muda mrefu kuliko ubishi wa hesabu. Kisha akaja kijana wa Tandale, Diamond, akaimba wimbo akauita jina la mtaa wetu, na kwa mara ya kwanza mtu wa Masaki alilitaja jina la Mbagala bila kuongelea wezi au mabomu. Tarehe 7 Juni Brazil ikaja kucheza na Taifa Stars katika Uwanja wa Taifa, yaani Temeke hapahapa. Siku ile upande wa wavulana wa daftari langu ulijaa mikasi. Tulifungwa tano kwa moja. Ile moja ya Jabir Aziz ilishangiliwa darasani wiki nzima, na mchezaji wetu wa namba tisa aliirudia kwa vitendo kila mapumziko mpaka akavunja ndoo ya maji ya kunywa.

Mahafali yalifanyika mwishoni mwa Septemba. Mgeni akitazama mila hii yetu ataishangaa: Tanzania tunafanya mahafali ya kidato cha nne kabla ya mtihani wa taifa, hakuna ajuaye nani atafaulu. Watu wengi huona ni kichekesho, kusherehekea mavuno kabla ya mvua. Mimi naona ndilo jambo la haki kuliko yote ambayo shule ile ilitufanyia. Siku ile tulipongezwa kwa kufika. Januari inapokuja na matokeo, nusu ya wale watoto hawana tena siku ya kupongezwa maishani mwao, na hakuna mzazi atakayemkodia mpiga picha mtoto aliyepata sifuri.

Kila mmoja alichangia, na asiyekuwa nacho alichangiwa kimyakimya. Turubai lilikodiwa msibani, maana mwenye turubai alikuwa mmoja tu na ndiye huyohuyo wa misiba na harusi. Ulikuwa msimu wa kampeni, na mgeni rasmi hakuomba kura, alikohoa tu kwa namna ambayo kila mtu alielewa. Risala aliisoma dada mkuu: maji hatuna, maabara hatuna, nyumba za walimu hatuna, tunaomba, tunaomba, tunaomba. Mgeni akaahidi tangi la maji. Wakina mama wakaingia na vigelegele, wakatuvika mataji ya karatasi za kung'aa na mikufu ya pipi. Mama alinivika matatu, mengine ya kuazima. Alikuwa amevaa kanga mpya na alikaa mstari wa mbele kabisa, mahali palipoandikwa WALIMU, na hakuna aliyethubutu kumwondoa. Sekondari aliyonyimwa yeye mwaka 1984 ilikuwa imemfuata mpaka mtaani kwake, ikiwa na sakafu ya vumbi na bila bureti hata moja, naye hakujali.

Picha ya pamoja ilipigwa chini ya mkorosho. Wapo ndani ya picha vijana wawili ambao hawakuwa darasa letu, walikuja kula wali. Wasiokuwepo ni wengi zaidi.

Matokeo yalitangazwa Januari 2011. Dkt. Ndalichako, wakati ule Katibu Mtendaji wa Baraza la Mitihani, alisoma takwimu redioni na nchi ikapigwa na butwaa: mwaka uliotangulia zaidi ya asilimia 70 walifaulu, sasa tumerudi nusu. Pale Rangi Tatu mwenye intaneti kafe alichapisha karatasi za shule zote za Mbagala akazibandika ukutani, majina kamili na alama, mtu yeyote apitaye asome. Nilipata daraja la nne, pointi ishirini na sita. Kutoka juu nilikuwa wa tano darasani, mjue hali ilivyokuwa. Niliwaona wenzangu wakitafuta majina yao kwa kidole, kidole kinafika, kinasimama. Mmoja alibandua ile karatasi akakimbia nayo. Mwenye kafe akachapisha nyingine.

Lawama zilitafutiwa wenyewe. Tuliambiwa ni simu, ni Bongo Fleva, ni uvivu wa watoto wa uswahilini. Wengine walisema ni ule mtihani wa kidato cha pili, ambao kwetu sisi haukumzuia aliyeufeli kuendelea. Ukarudishwa kuwa kizuizi baadaye. Miaka miwili mbele, waliofanya mtihani wa 2012 walifeli zaidi yetu, sifuri asilimia 60, kelele zikafika bungeni, tume ikaundwa, na matokeo yao yakapangwa upya. Yetu hayakuguswa na mtu. Sioni wivu, ila nataka iandikwe.

Na liandikwe pia hili, kwa sababu walimu wa vyuo hupenda kulisahau: darasa lililofeli nusu lilikuwa na watoto ambao miaka ishirini kabla wasingekuwa darasani kabisa. Ukichukua watoto watano bora kati ya mia utapata ufaulu mzuri, hata ukiwafundishia chini ya mwembe. Sisi tulikuwa wale tisini na tano. Sekondari nchini zilikuwa na wanafunzi zaidi ya milioni 1.6 mwaka ule, mara tatu ya miaka mitano iliyotangulia, na walimu hawakuongezeka mara tatu. Kosa lilikuwa la hesabu, na hesabu hiyo hatukuifanya sisi.

Wenzangu waliishia wapi? Wengi wa wavulana walipanda bodaboda, ambazo mwaka uleule sheria ilizitambua kubeba abiria. Aliyetufundisha fizikia kwa madesa alikwenda VETA Chang'ombe, akasomea umeme, na leo nyumba nyingi za Chamazi zimefungwa nyaya na yeye. Binti wa ntilie alianza na kibanda cha M-Pesa, sasa ana vitatu, na ndiye mweka hazina wetu. Wawili walikwenda Oman kufanya kazi za ndani. Mmoja amerudi na kujenga, mwingine amerudi tu. Mmoja aliresiti, akaresiti tena, akafika Mlimani, sasa ni wakili na hutusumbua na Kiingereza kwenye kundi la WhatsApp. Namba tisa alicheza ligi ya wilaya mpaka goti likakataa. Mimi ualimu wa shule ya msingi ulinipokea, maana wakati ule daraja la nne lenye pointi zangu lilikubaliwa vyuoni. Siku hizi halikubaliwi, na wazazi wakisema walimu wa msingi ni waliofeli mimi hutabasamu na kuwaonyesha watoto wao wanavyosoma.

Kundi letu halikuanzishwa na furaha. Lilianza mwaka 2014, mwenzetu wa mwanzo kufa alipogongwa na lori usiku, Kongowe, akiwa kwenye pikipiki ya tajiri. Msibani tulikuta familia haina hata gari la kumbeba marehemu. Tulichanga palepale, kofia ikapita. Tangu siku ile tuna daftari la michango, na anayezikwa na B huzikwa vizuri. Kwenye daftari hilo niliwaandika wote, hata waliokatwa kwa wino mwekundu: wa Kilwa, wa Kisarawe, na yule wa insha. Walipinga wachache, wakasema hao hawakumaliza nasi. Tulipiga kura uani kwa mweka hazina, chai na vitumbua vikiwepo, na waliopinga wakashindwa.

Mwaka juzi nilikwenda shuleni kuuliza daftari letu la mahudhurio. Shule sasa ina ghorofa, maabara na uzio, ada ilifutwa tangu 2016, na mkondo mmoja una wanafunzi wengi kuliko mikondo yetu miwili. Mwalimu kijana alinisikiliza kwa adabu, akanionyesha stoo. Mchwa walikuwa wameshafika. Kuanzia 2007 hadi 2012 hakuna kitu.

Kwa hiyo nimeyaandika upya yote, kwa kichwa, na wenzangu wamenisahihisha. Nawaomba waliokuwa mamonita wa shule za kata za Yombo, Tandale, Manzese, Mwananyamala na kwingineko wafanye hivyo mwaka huu. Madaftari ya shule hayatungoji. Andika kila jina uliloita asubuhi, liwe lina cheti au halina, na mbele ya lile lililokatwa andika sababu. Nakala mpe mtu mwingine atunze.